Ugonjwa wa Kulegea Misuli na Kidonge Chake

Uko ugonjwa ambao mwenye nao huamka asubuhi akiwa mzima, na jua likitua huwa kama mtu aliyebeba mzigo siku nzima. Tuseme ni mama mmoja wa kijiji kilicho karibu na Mvumi, mkulima wa uwele na karanga. Alfajiri huenda shambani akalima sawasawa na wenzake. Yapata saa nne ukope wake mmoja waanza kushuka. Saa sita aona jembe moja kama majembe mawili. Jioni akikaa kula ugali, taya zachoka kabla ya tumbo kushiba, na maji anayokunywa yarudi kwa njia ya pua. Sauti nayo yatoka puani, hata watoto wamwuliza kama amepata mafua. Akilala usiku kucha, asubuhi karibu yote yametoweka.

Je, majirani husemaje? Wengine husema ni mvivu, maana alfajiri walimwona akilima kwa nguvu. Wengine husema amerogwa. Mumewe amempeleka kwa mganga wa kienyeji mmoja, kisha kwa mwingine, na mbuzi wawili wamekwisha toka zizini, wala hali haikubadilika.

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini ugonjwa wenyewe ni wa kweli, nao una jina na una dawa. Madaktari huuita miastenia gravisi, maneno ya Kiyunani na Kilatini ambayo maana yake ni ulegevu mzito wa misuli. Si ugonjwa mpya. Mwaka 1672 daktari mmoja wa Uingereza, Thomas Willis, aliandika habari za mwanamke aliyeweza kusema vizuri, lakini akisha kusema kwa muda mrefu au kwa haraka hakuweza kutamka neno kwa saa moja au mbili. Wale waliozoea kutazama filamu za Kihindi wamjua Amitabh Bachchan. Yeye naye alipatikana na ugonjwa huu katika miaka ya 1980, na baada ya hapo ameendelea kuigiza miaka mingi. Twamtaja ili isidhaniwe ya kuwa kupewa jina la ugonjwa huu ni kupewa hukumu.

Ni kweli ya kuwa wagonjwa si wengi. Katika nchi ambazo wamehesabiwa vema, huonekana kati ya 100 na 200 katika kila watu milioni moja. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha ya kuwa Mkoa wa Dodoma una watu zaidi ya milioni 3. Basi hata tukiikata nusu hesabu hiyo ya wagonjwa, bado yamkini wapo mia na nusu au zaidi katika mkoa huu peke yake. Aghalabu huwapata wanawake walio katika umri wa kuzaa, na wanaume waliokwisha kupita miaka hamsini au sitini. Hauambukizi, mtu aweza kula chungu kimoja na mgonjwa, na kulala naye nyumba moja, pasipo hofu yo yote.

Ili tuelewe kidonge chafanya nini, yafaa kwanza tujue misuli huamriwaje. Hapo kale mtemi wa Wagogo alipotaka watu wake waje, hakupaza sauti akiwa nyumbani kwake. Alituma wajumbe, nao wakaenda wakagonga milango. Ndivyo ilivyo mwilini. Ubongo ni mtemi, mishipa ya fahamu ni njia, na mwisho wa njia hutoka wajumbe wadogo sana ambao madaktari huwaita asetilikolini. Mjumbe akigonga mlango wa msuli, msuli huitika na kujikaza. Tena karibu na mlango yupo mfagiaji. Kazi yake ni kumwondoa mjumbe mara tu akisha kugonga, ili msuli upumzike ukingoje amri nyingine.

Katika ugonjwa huu, askari wa mwili, wale ambao desturi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi, hukosea adui. Huishambulia ile milango ya misuli, wakaiharibu na kuiziba. Asubuhi wajumbe ni tele, na ile milango michache iliyosalia yatosha. Lakini kila amri inaporudiwa, wajumbe wanaotoka hupungua kidogo kidogo. Kwa mtu mzima upungufu huo si kitu, maana ana milango mingi. Kwa mgonjwa ndio ukope unaoshuka na taya inayokataa kutafuna. Hivyo mtu yule yule huwa hodari saa moja na dhaifu saa nane, wala si kwa hila.

Kidonge chake huitwa piridostigmini, na pakiti nyingine zimeandikwa Mestinon. Kazi yake ni moja tu: humshika yule mfagiaji mkono. Mjumbe akiisha kugonga haondolewi upesi, bali hubaki akagonga tena na tena, hata ile milango michache ikaitika. Lakini kidonge hakijengi milango iliyobomoka wala hakiwafukuzi wale askari waliokosea. Chakopesha nguvu kwa saa chache, kisha mkopo wakwisha. Twaomba wasomaji walishike sana jambo hili, maana makosa mengi katika matumizi ya dawa hii yatokana na kutolijua. Mmoja humeza siku tatu, akaona nafuu, akadhani amepona, akaacha. Baada ya saa chache udhifu warudi, naye asema dawa ni ya uongo. Mwingine huona nguvu zimepungua jioni, akameza vidonge vitatu mara moja.

Walimu watapenda kujua ya kuwa asili ya dawa hii ni Afrika. Kule Calabar, katika nchi iitwayo leo Nijeria, Waefik walikuwa na maharage ya sumu waliyoyaita esere. Mtu aliyeshtakiwa uchawi alipewa ayanywe. Akitapika na kuishi huhesabiwa hana hatia, akifa basi hatia imethibitika. Katika sehemu nyingine za nchi yetu wazee walikuwa na mwavi kwa kazi kama hiyo. Mwaka 1855 Bwana Robert Christison, mwalimu wa madaktari huko Edinburgh, alikula kipande cha harage hilo ili ajue nguvu yake, nusura afe. Mwaka 1864 wataalamu wa Ujerumani waliitoa ile sumu ndani ya harage ikiwa peke yake, ikaitwa fisostigmini. Baadaye ikajulikana ya kuwa yaweza kuipinga sumu ya mishale ya Wahindi wa Marekani ya Kusini iitwayo kurare, ambayo hulegeza misuli.

Miaka mingi ilipita kabla mtu hajaunganisha mambo hayo. Mwaka 1934 daktari mwanamke, Mary Walker, aliyefanya kazi katika hospitali ya St Alfege's huko Greenwich, London, aliona ya kuwa mgonjwa wa miastenia afanana sana na mtu aliyepigwa kwa kurare. Akawaza: kama dalili ni moja, pengine na dawa ni moja. Akampiga mgonjwa wake sindano ya fisostigmini, na ukope uliokuwa umeanguka ukainuka machoni pake. Mwaka uliofuata alitumia dawa nyingine ya jamii ile ile iliyo bora zaidi, neostigmini. Na katika miaka ya 1950 ikaja piridostigmini, ambayo nguvu yake hudumu zaidi na humezwa kwa urahisi. Twaona ajabu kidogo ya kuwa tunda lililotumiwa kuwaua walioitwa wachawi ndilo lililofungua njia ya kuwasaidia wanaoitwa waliorogwa.

Sasa habari za kumeza. Kidonge cha kawaida ni cha miligramu 60. Mara nyingi daktari huanza na nusu kidonge au kidonge kizima, mara tatu au nne kwa siku, kisha huongeza au kupunguza kwa kadiri anavyomwona mgonjwa. Nguvu yake huanza kuonekana baada ya nusu saa au dakika 45, na hudumu saa tatu au nne, pengine zaidi kidogo. Kwa hiyo saa ya kumeza yahitaji kufikiriwa kama vile saa ya kupanda mbegu. Kama taya na koo ndizo zinazochoka, kidonge kimezwe nusu saa au saa moja kabla ya chakula, ili ugali ukifika mezani koo liwe tayari. Mama yetu wa Mvumi, kama daktari amempa mara nne, aweza kumeza saa kumi na mbili asubuhi kabla ya uji na shamba, saa tano na nusu kabla ya chakula cha mchana, saa kumi, na kingine saa moja usiku ikiwa chakula huivwa saa mbili. Nyumba isiyo na saa yaweza kutumia kengele ya shule, au adhana, au simu ya mtoto. Mradi iwe alama isiyobadilika kila siku.

Akipata msokoto wa tumbo, ale kitu kidogo pamoja na dawa, kama uji au kipande cha kiazi. Msokoto huo, na kuharisha, na mate mengi, na jasho, na misuli midogo kucheza cheza chini ya ngozi, ni mambo yanayotokea kwa watu wengi, kwa kuwa tumbo na tezi za mate nazo zina wajumbe wale wale. Yakiwa madogo huvumilika, na daktari ana dawa ya kuyatuliza. Yakiwa makubwa, ni ishara ya kuwa dawa imezidi.

Hapa ndipo penye hatari. Dawa ikizidi, milango hugongwa mpaka ikachoka, na misuli hulegea tena. Mgonjwa huona amelegea, naye hudhani dawa haitoshi, akaongeza, akalegea zaidi. Ulegevu wa dawa kidogo na ulegevu wa dawa nyingi wafanana mno, na kuutenganisha ni kazi ya daktari. Basi kanuni ni hii: asiongeze mtu hata nusu kidonge kwa shauri lake mwenyewe au kwa shauri la jirani. Akisahau kumeza kwa saa moja, asimeze viwili kwa saa ya pili.

Kidonge hiki hupenda mahali pakavu. Kisiwekwe dirishani penye jua, wala kisifunguliwe kikachanganywa na vingine katika kopo moja. Tena tusitarajie kukikuta katika kila zahanati au kila duka la dawa muhimu. Aghalabu hutafutwa mjini. Wasomaji wetu wajua jinsi makorongo ya Ugogo yanavyojaa ghafula kati ya Desemba na Aprili, na jinsi njia inavyoweza kukatika kwa siku kadhaa. Kwa hiyo vya mwezi ujao vinunuliwe wakati vingali vimesalia vya wiki mbili. Nyumba nyingi huweka akiba ya mtama kwa ajili ya njaa. Hii nayo ni akiba ya namna hiyo hiyo.

Kwa wagonjwa wengine piridostigmini haitoshi peke yake. Hapo daktari huongeza dawa za kuwatuliza wale askari waliokosea, kama prednisoloni na azathioprini. Prednisoloni yaweza kumlegeza mgonjwa zaidi katika siku za mwanzo, na akisha kuizoea haifai kuiacha ghafula, kwa sababu mwili utakuwa umeacha kutengeneza dawa yake wa wenyewe. Wako pia wanaopasuliwa kifua ili kutolewa tezi moja iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambayo kwa wagonjwa wengine huwa na uvimbe. Majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha ya kuwa kuitoa tezi hiyo hupunguza udhaifu hata kwa wagonjwa wengine wasio na uvimbe. Mambo hayo yote ni ya hospitali kubwa, nasi hatutayaeleza zaidi.

Jambo lililotufanya tuandike makala hii ni jingine. Mgonjwa wa miastenia aweza kuumizwa na dawa ambazo kwa watu wengine ni njema kabisa. Kwinini ni mojawapo, na klorokwini vile vile; ingawa dawa ya mseto na sindano ya atesuneti zimeshika mahali pake katika malaria, kwinini bado huonekana huku na huku. Sindano ya gentamaisini ni nyingine, na vidonge vya siprofloksasini, na propranololi ambayo wengine hupewa kwa moyo. Mama mwenye mimba akipata kifafa cha mimba hupewa dawa ya magnesi. Kwa mama mwenye ugonjwa huu dawa hiyo yaweza kuzima pumzi. Mkunga asipoambiwa, atajuaje? Naye aambiwe mapema, maana hata mtoto wa mama huyo aweza kuzaliwa mlegevu na kunyonya kwa shida kwa siku au wiki za kwanza, kisha akapona.

Watu wa Kongwa na wilaya jirani wana sababu yao ya kusikiliza zaidi. Nchi ya Dodoma imesumbuliwa na trakoma vizazi vingi, na Kongwa imejulikana ulimwenguni kwa uchunguzi wa ugonjwa huo wa macho. Tangu mwaka 1999 Tanzania imekuwa ikigawa dawa ya azithromaisini, iitwayo Zithromax, kwa vijiji vizima, na macho ya watoto wengi yameokolewa. Hatutaki neno letu limfanye mtu mzima aikimbie dawa hiyo. Lakini azithromaisini yaweza kuuamsha ulegevu wa miastenia. Ikiwa siku ya kugawa dawa imefika kijijini, mgonjwa wetu amwambie mgawaji kabla ya kumeza, naye mgawaji aulize hospitalini. Yako marhamu ya tetrasaikilini ya kupaka machoni. Tena ukope ulioanguka usidhaniwe mara moja kuwa ni trakoma, kwa kuwa tumezoea kuona macho mabovu. Ukope ulioharibiwa na trakoma ni ule ule asubuhi na jioni. Wa miastenia hupanda na kushuka katika siku moja, na pengine leo ni jicho la kulia na wiki ijayo la kushoto.

Yuko mwalimu atakayeuliza: nitamtambuaje? Amwambie mtu atazame juu, aikazie macho ncha ya kidole kwa muda wa dakika moja, aone kama kope zashuka. Amwambie ahesabu kwa sauti hadi 50, asikilize kama maneno ya mwisho yatoka puani. Kama liko duka lenye jokofu, barafu ifungwe kitambaani na kuwekwa juu ya ukope uliofumbwa kwa dakika mbili. Mara nyingi ukope wa miastenia huinuka kidogo kwa baridi, kama vile unavyoshuka zaidi kwa jua kali la Oktoba na Novemba. Majaribio hayo si hukumu. Yatosha tu kumpa mtu sababu ya kwenda kituo cha afya na kuomba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, na huko madaktari wakiona haja watampeleka Muhimbili. Mtu aliyepinda uso na kulegea upande mmoja kwa ghafula, huyo ni mwingine. Yamkini ni kiharusi, apelekwe saa ile ile.

Na saa ya hatari kwa mgonjwa wetu ni saa ya pumzi. Mwambie avute pumzi moja na kuhesabu kwa sauti. Kama siku zote hufika 30, na leo hafiki 15 au 20, au kama hawezi kumeza mate yake, au hawezi kuinua kichwa kitandani, asingojwe mpaka asubuhi. Awekwe ameketi, asilazwe chali, asipewe chakula wala maji wala kidonge cha kuongeza, na atafutwe gari usiku ule ule. Hospitali yenye mashine ya kupumulia yaweza kumsaidia hata misuli ya kifua irudi. Nyumbani hakuna kitakachomsaidia. Mambo hayo huanza mara nyingi baada ya homa au kikohozi, au baada ya dawa mojawapo katika hizo tulizozitaja.

Kwa sababu hiyo kila mgonjwa awe na karatasi, na kama hajui kuandika, mwalimu wa kijiji amwandikie. Iandikwe jina lake, na jina la ugonjwa kama lilivyoandikwa na daktari, na kidonge anachomeza, kiasi gani na saa ngapi, na majina ya dawa asizopaswa kupewa bila shauri la daktari, na namba ya simu ya ndugu mmoja. Ikunjwe ndani ya mfuko wa nailoni ili jasho na mvua visiifute, na aionyeshe kila aingiapo zahanati, duka la dawa, kliniki ya wajawazito, au chumba cha kupasulia, kabla hajaulizwa aumwa nini.